Ukurasa wa Biskuti

Kila jioni, akishavua sare na kuloweka soksi, Kiberiti aliingia jikoni kumsaidia mama yake. Alikuwa na jina zuri la shule, lakini nyumbani walishalisahau tangu siku alipoupiga mlango teke kwa sababu uligoma kufunguka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na hasira za kumtosha mtu mzima. Kazi yake ilikuwa kumenya vitunguu, na hata vitunguu alivimenya kana kwamba vimemkosea.

Mkubwa wa jiko lile hakuwa mama. Mkubwa alikuwa kitabu. Kilikuwa kitabu kinene cha mapishi ambacho marehemu bibi yake Kiberiti alikinunua alipokuwa bibi harusi. Jalada lake liling'oka zamani, wakakishonea jingine la kitambaa cha pazia. Kurasa zilikuwa na madoa ya mafuta, na nyingine zilinukia mdalasini mpaka leo. Humo mlikuwa na supu ya mgonjwa, uji wa mtoto anayeota meno, namna ya kuparua samaki bila kuchafua ukuta, namna ya kunoa kisu na namna ya kuondoa doa la chai kwenye shati jeupe. Watu wakibishana jikoni, hakuna aliyeuliza nani anajua zaidi. Waliuliza tu, "Kitabu kinasemaje?" Kikishasema, ubishi umekwisha.

Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama, aliishi nao na alikuwa anakaribia kuolewa. Yeye alikuwa na simu iliyojaa mapishi ya dunia nzima. Lakini siku ya wageni aliiweka simu pembeni akafungua kitabu kama wenzake.

"Simu inanipa keki nyingi," alikiri, "ila sijui hata moja imeliwa na nani. Keki za humu nimezila tangu sina meno."

Wiki hiyo dada hao wawili hawakuwa na maelewano. Mama Mdogo alikuwa ameomba aondoke na kitabu kwenda nacho kwake atakapoolewa. Mama alikataa katakata.

"Kitabu ni cha mtoto wa kwanza," alisema. "Mama alisema hivyo."

"Na mimi nikapata nini?"

"Ulipata masufuria!"

"Masufuria yenyewe yametoboka, dada!"

Tangu hapo walisemeshana kwa kununiana, nipe chumvi, chukua chumvi. Hata hivyo mama alikuwa ameahidi kuoka keki ya harusi, ile keki ya matunda ya kitabuni. Bibi aliioka siku mama alipoolewa, na Mama Mdogo hakutaka keki nyingine yoyote.

Sasa tuje kwa Kiberiti. Alikuwa na rafiki mrefu, waliyemwita Twiga, binti wa mshonaji wa mtaa wa pili. Twiga alikuwa ameonja biskuti za tangawizi kutoka nyumba ile, naye akaomba anakiliwe maelezo yake ili mama yake akajaribu. Kiberiti aliahidi. Kunakili ukurasa mmoja si kazi ya kumtoa mtu jasho, lakini yeye aliiahirisha kila siku. Mara mkono unauma, mara kalamu imekauka, mara ana usingizi. Ulikuwa uvivu mtupu.

Asubuhi moja Twiga alimpitia waende shule. Mama alikuwa uani akianika nguo.

"Leo umenakili?" Twiga aliuliza akiwa mlangoni mwa jiko.

"Kesho."

"Kila siku kesho! Mimi nadhani hamna kitabu chochote. Zile biskuti mnanunua dukani, halafu mnatuchezea akili."

Damu ilimpanda Kiberiti kichwani. Alikivuta kitabu rafuni, akapekua mpaka akafika kwenye biskuti za tangawizi, akaushika ukurasa kwa mkono mzima na kuuchana. Kraa!

"Haya! Dukani, eh? Soma sasa!"

Twiga alitumbua macho. "Mama yako akijua je?"

"Atajuaje? Nakili wewe mwenyewe, kesho uurudishe."

Alikirudisha kitabu mahali pake na kuchukua mkoba. Hakuugeuza ule ukurasa kuona upande wa pili una nini. Na upande wa pili ulikuwa na nusu nzima ya mwisho ya keki ya matunda.

Aliporudi kutoka shule siku hiyohiyo, alisikia kelele tangu getini. Mama alikuwa ametaka kuanza kuloweka matunda ya keki, akafungua kitabu, akakuta pengo.

"Nani mwingine angeuchana?" mama alikuwa anafoka. "Nani mwingine anayeitaka keki hii? Nimekunyima kitabu, ukaona uondoke na ukurasa!"

"Dada, sijagusa kitabu chako!"

"Usiniite dada. Kitabu cha mama yetu unakinyofoa kama kuku! Wewe ni mwizi wa kwenu mwenyewe."

"Mimi mwizi?" Sauti ya Mama Mdogo ilikatika. "Mimi?"

"Keki ya harusi yako kaoke mwenyewe, si ukurasa unao!"

"Sawa. Na wewe harusini usije."

Na Kiberiti? Alisimama pale mlangoni na mkoba mgongoni, kimya. Mdomo ule usiokosa jibu siku zote, siku ile ulikosa. Alimwona mama yake akimnyooshea kidole mtu asiye na kosa, naye akatazama viatu vyake kama vile viatu ndivyo vitakavyosema. Inakera hata kusimulia. Neno moja tu lilihitajika, naye alilikalia.

Mama Mdogo alikwenda chumbani, chumba alicholala pamoja na Kiberiti, akaanza kutupia nguo zake kwenye begi. Kiberiti alimfuata, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa rafiki yangu. Nitaolewa nikitokea huko." Mama Mdogo alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena vibaya zaidi. "Dada yangu ananiita mwizi! Aliyenilea tangu nikiwa mdogo kuliko wewe." Akageuka akamtazama mtoto. "Na wewe unaamini kwamba nimeuchana?"

Kiberiti alitikisa kichwa. Alikasirika. Alimkasirikia Twiga kwa maneno yake ya dukani, akamkasirikia mama kwa kelele zake, kisha hasira ikakosa mtu mwingine wa kumwendea ikamrudia yeye mwenyewe. Alisimama.

"Acha kukunja hizo nguo!" alipiga kelele. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyeuchana, nikampa Twiga!"

Gauni lilimponyoka Mama Mdogo mikononi. Kiberiti alitegemea kukumbatiwa kwa kusema ukweli, kwa maana alizoea kubembelezwa na mama yake mdogo. Hakukumbatiwa.

"Ulikuwa umesimama mlangoni," Mama Mdogo alisema polepole. "Nilikuona. Ulimsikia akiniita mwizi, ukanyamaza?"

"Niliogopa."

"Niliogopa na mimi, lakini mimi sikuwa na la kusema la kunisaidia. Wewe ulikuwa nalo." Alionyesha mlango. "Nenda kamwambie mama yako. Sikusindikizi."

Kiberiti alikwenda peke yake. Mama alikuwa ameinamia meza, kitabu kikiwa wazi kwenye pengo. Aliposikia maneno ya mtoto hakupiga kelele. Alikifunga kitabu polepole.

"Uko wapi huo ukurasa?" aliuliza.

"Kwa akina Twiga."

"Vaa viatu." Kisha akaita kwa nguvu, "Na wewe, mama yake mdogo, njoo! Tunatoka!"

Waliongozana watatu kuelekea mtaa wa pili, jua likiwa bado kali. Mama alitangulia na kitabu kwapani, akitembea kama anakwenda kudai haki mahakamani. Mama Mdogo alifuata nyuma, mikono kifuani. Kiberiti alikuwa katikati.

Mshonaji alikuwa dirishani na cherehani yake, nyuzi zimemnata mpaka kwenye nywele. Aliwakaribisha kwa furaha. Alipoulizwa habari za ukurasa, furaha ikaongezeka.

"Ahsanteni sana kwa zawadi! Nimeshaubandika kwenye mlango wa kabati nisije nikaupoteza."

"Zawadi?" mama aliuliza.

"Twiga aliniambia mmetupa."

Twiga, aliyekuwa pembeni akipanga vifungo, aliinama mpaka urefu wake wote ukaisha. Mama alimtazama, akamtazama Kiberiti, akavuta pumzi ndefu. Hawa wawili walikuwa wamekutana kweli.

Aliwapeleka jikoni kwake. Ukurasa ulikuwa pale, umepakwa gundi ukanyooshwa vizuri juu ya mlango wa kabati. Biskuti za tangawizi zilisomeka zote. Keki ya matunda ilikuwa imelala kifudifudi kwenye ubao. Mshonaji alipoelezwa aliona aibu, akapeleka ukucha kwenye pembe ya karatasi.

"Usiguse!" mama na Mama Mdogo walipaza sauti. "Utachanika!"

Walisimama wote wakiukodolea macho. Mama alisema kabati ling'olewe mlango. Mama Mdogo akasema maji yamwagwe. Mama akamwambia asilete ujinga, Mama Mdogo akamwambia ujinga ni kumwita mtu mwizi bila ushahidi. Mshonaji alirudi nyuma hatua moja.

Kiberiti ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwa mazoea tu, "Kitabu kinasemaje?"

Mama Mdogo alikichomoa kitabu kwapani mwa dada yake bila kuomba, akaenda moja kwa moja mwishoni, kwenye sura ya usafi wa nyumba. Alisoma kimoyomoyo, kidole kikishuka, kisha akasoma kwa sauti. "Kuondoa karatasi iliyonata kwenye chupa. Ielekeze kwenye mvuke wa birika hadi gundi ilegee. Tumia kisu butu, ukianzia pembeni. Usifanye haraka."

"Chupa si kabati," mama alisema.

"Gundi ni gundi, dada."

Mshonaji alichemsha maji. Mlango wa kabati uling'olewa kwa bisibisi ukaegemezwa karibu na jiko. Mama Mdogo alishika birika, mama akashika kisu cha siagi, na Kiberiti akaamriwa akae mbali na mvuke, ashike kitambaa safi cha kupokelea karatasi.

"Sogeza birika."

"Nimesogeza."

"Si sana! Wino utayeyuka."

"Dada, mimi si mtoto mdogo."

Waligombana hivyo mpaka pembe ya kwanza ikainuka, na ya pili, na mwisho ukurasa mzima ukabanduka ukaangukia kwenye kitambaa, mlegevu kama jani la mboga lililochemshwa. Kiberiti aliubeba bila kupumua. Waliugeuza. Gundi ilikuwa imefifisha maandishi, lakini yalisomeka.

Mshonaji alipangusa mikono. "Kitabu kinafundisha keki, kinafundisha na kubandua karatasi! Mnakiuza?"

"Hapana!" walijibu wote watatu.

Waliporudi nyumbani, ukurasa ukiwa umetandazwa mezani ukauke, mama alimwita Kiberiti mbele yake.

"Utamnakilia mama yako mdogo kitabu hiki aende nacho kwake," alisema. "Kwa mwandiko unaosomeka."

"Chote?"

"Chote. Hata sura ya kunoa visu."

Kiberiti alikipima kitabu unene kwa vidole.

"Sasa nisikilize vizuri," mama aliendelea. "Ulikasirika ukachana karatasi. Hilo ni kosa la mtoto mwenye hasira, na tungelimaliza jikoni kwa dakika chache. Lakini ulisimama mlangoni ukaniacha nimtukane mtu asiye na hatia, na ukweli ulikuwa nao mdomoni. Kosa ulilifanya asubuhi. Mchana ulilifanya kubwa zaidi kwa kunyamaza tu. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaanza kulipa kwa ajili yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama." Alimgeukia Mama Mdogo, machozi yakimtoka. "Nisamehe, Mama Mdogo."

"Nitakusamehe," Mama Mdogo alisema. "Anza kunakili kwanza."

Mama aliendelea kusimama pale pale. Ilionekana ana neno jingine, na neno lenyewe lilikuwa gumu kutoka, maana mtoto wa kwanza hajazoea kuomba radhi kwa mdogo wake. Alijifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji.

"Mwanangu alichana karatasi kwa hasira," alisema hatimaye, "na mimi kwa hasira nikakuchana wewe. Sikuuliza hata swali moja, nikakuita mwizi. Karatasi tumeirudisha. Wewe nitakurudishaje, mdogo wangu?"

Macho ya Mama Mdogo yalikuwa mekundu, na hasira ilikuwa bado haijamtoka usoni. Alivuta bakuli la matunda makavu lililokuwa limesahaulika mezani tangu mchana, akalisukuma mbele ya dada yake.

"Loweka matunda," alisema. "Oka keki. Siku ya harusi uilete wewe mwenyewe, kwa mikono yako, mbele ya watu wote, na uwaambie mdogo wako si mwizi."

"Nitawaambia," mama alisema, akamwaga matunda kwenye maji.