Kidole Gumba kwenye Tundu la Plagi

Haya yalimpata rafiki yangu fundi, mtu wa mzaha asiyejua woga. Alikwenda kumkagulia shemeji yake injini iliyotumika, maana gari la shemeji ndilo lililoilisha familia. Stoo ya muuzaji ilikuwa giza totoro mchana kweupe. Akafungua plagi ya injini, akaziba tundu lake kwa kidole gumba apime pumzi ya injini.

"Zungusha, kaka!" alimwambia muuzaji, aliyemwacha upande wa pili wa injini.

Krrr. Hewa ikamsukuma kidole.

"Bado kijana injini hii! Hebu tena."

Krrr, safari hii taratibu.

Mlango ukalia nyuma yake.

"Samahani, fundi," muuzaji aliingia akihema. "Nilifuata spana ya kuzungushia."

Chini ya kidole, hewa iliendelea kuingia na kutoka, sasa ya vuguvugu.