Jina Jipya la Mkokoteni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, Regina aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akaandika jina lake mchangani kwa kijiti. Hakuna mtoto kijijini kwao, chini ya milima ya Uluguru, aliyekuwa na mwandiko kama wake. Mwenyewe alilijua hilo, wala hakulificha.

Zilikuwa zama za Wajerumani, reli ilipokwisha kufika Morogoro. Madini ya ulanga yalichimbwa milimani, na vijana wakayateremsha hadi stesheni kwa mikokoteni. Wawili walivuta mbele, na wanne walishika kamba nyuma ili mkokoteni usiwaparamie wenzao.

Mwaka huo kampuni ya Nyota ilianza kuweka watu wawili tu nyuma. Kwenye mteremko wa Kibwe mkokoteni ukawashinda, ukamvunja mguu Mjomba Paulo, kaka wa mama yake Regina. Boma, ofisi ya serikali ya Wajerumani, likaifuta Nyota katika daftari la kampuni, watu wakashukuru.

Miezi miwili baadaye, bwana mmoja mnene aitwaye Mwinjuma alimsimamisha Regina njiani.

"Wewe ndiye binti mwenye mwandiko? Njoo uniandikie MWEZI kwenye mkokoteni wangu. Ni kampuni mpya."

Regina alipofika alikuta herufi za zamani zimekwanguliwa nusunusu: N, kisha Y.

"Huu si mkokoteni wa Nyota?"

"Ulikuwa wa Nyota, kampuni yangu ya zamani. Ukimaliza kuandika utakuwa wa Mwezi," Mwinjuma alisema akicheka. Regina alipomaliza, akaongeza: "Na huku chini nako upake rangi."

Alimwonyesha mhimili, ule mti unaoshika magurudumu. Ulikuwa na ufa mrefu uliojazwa nta. Regina akasita. Mwinjuma akainamia zile herufi alizokwisha kuandika.

"Lo! Hata karani wa boma haandiki hivi!"

Regina akapaka.

Jioni kaka yake, Kasiani, aliingia akipiga mluzi. "Mama, nimepata kazi! Kampuni ya Mwezi. Kesho nashuka Kibwe, nitavuta mbele."

"Mwezi ya nani?" mama yao, Anastasia, aliuliza.

"Ni mpya, mama. Haihusiani na Nyota."

Regina akaliacha tonge sahanini. Akatoka nje, akarudi, akatoka tena.

"Umekanyaga siafu?" Kasiani alimtania.

Regina aliketi kizingitini akawaza. Akisema, kila mtu atajua nani aliyeupaka rangi ule ufa. Asiposema, Kasiani ndiye atakayekuwa mbele ya magurudumu.

Asubuhi alikwenda kisimani na mama yake. Mtungi ulipojaa nusu akautua, akamweleza yote, kisha akatimua mbio kwenda kwa akida. Mama akamfuata.

Kwenye baraza ya Akida Mikidadi, mwakilishi wa boma, mkokoteni ulikuwa umekwisha kupakiwa. Akida alikuwa karibu kumkabidhi Mwinjuma cheti cha njia, kibali cha kuushusha mkokoteni.

"Shikamoo, Bwana Akida! Usimpe!" Regina alisema akihema.

"Marahaba. Ni nani wewe wa kuniamuru?"

"Jina hilo nimeliandika mimi. Chini yake ni Nyota. Mhimili una ufa, na nimeupaka rangi mimi, kwa mkono wangu."

Kasiani akageuka. "Wewe, Regina?"

"Mtoto ana homa," Mwinjuma akadakia. "Bwana Akida, soma daftari lako. Mwezi imefutwa?"

Akida akafunua kurasa. "Haikufutwa. Boma lilifuta Nyota. Mwezi sina neno nayo."

"Kwani ni jina lililomvunja mjomba mguu?" Regina alipaza sauti.

Wachukuzi wakaguna. Kasiani akaachia mpini. "Bwana Mwinjuma, kama mkokoteni ni mzima, panda juu ya masanduku ya ulanga. Tutakuteremsha Kibwe taratibu, kama bwana harusi."

"Panda! Panda!" wenzake wakapokea.

Mwinjuma aliutazama mteremko, akautazama mhimili. "Mimi mzito mno."

"Kuliko ulanga?" Kasiani aliuliza.

Hakupanda. Akida akachomoa kisu, akakwangua. Nta ikadondoka, na kidole chake kikazama ndani ya ufa. Akakichana cheti.

Siku hiyohiyo akaenda bomani. Wiki ya tatu mbiu ikapigwa sokoni: mwenye kampuni iliyofutwa asirudi kwa jina lingine, daftarini liandikwe jina la mwenye mali na la baba yake, kila mhimili uchomwe namba kwa chuma cha moto, na mkokoteni uliozuiwa usitembee mpaka ukaguliwe. Wakubwa wa boma walijisifu kana kwamba amri hiyo waliiota wenyewe. Vijijini watu walijua ilikotoka.

Kasiani alimnunia dada yake siku nyingi kwa kuupaka rangi ule ufa. Alipopata kazi kwa tajiri mwingine, mwenye mkokoteni uliokaguliwa, Regina na mama yao walisimama juu ya Kibwe wakimtazama akishuka. Wimbo wa wachukuzi uliwafikia:

Shika kamba, ndugu yangu,
nifike mzima kwangu.

"Bado ana hasira nami," Regina alisema.

"Ana haki. Hata mimi nina hasira," mama alijibu. "Mtu akikusifu, mwangalie anataka umfichie nini. Lakini sikiliza, mwanangu. Mwinjuma alibadili jina ili asiulizwe. Wewe ulisimama mbele ya watu wote ukasema 'ni mimi', ukijua utaulizwa. Hilo ndilo lililomwokoa kaka yako, si mwandiko."