Mama Anajichubua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Safina alifagia uwanja, akachemsha chai, kisha akamwita mama yake wanywe pamoja. Walikaa Kitendaguro, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Lakini siku hizo Safina, mwanafunzi wa darasa la sita, alikunywa chai peke yake. Mama alijifungia chumbani, na alipotoka kwenda dukani kwake mtaa wa Bakoba, mtandio ulikuwa umemfunika hadi puani kama mtu anayeumwa jino.

Asubuhi moja mtandio uliteleza. Safina akaona mashavu mekundu na ngozi inayobanduka kuzunguka mdomo.

"Mama, umepatwa na nini usoni?"

"Hakuna kitu. Nenda shule, utachelewa."

Jioni, alipokuwa akitandika kitanda cha mama, alikuta tyubu ya krimu chini ya mto. Maandishi yake yalikuwa madogo, tena ya Kiingereza, na Safina hakuona haja ya kuhangaika nayo. Ngozi ikibanduka, mtaa mzima unajua maana yake. Mama anajichubua!

Moyo ulimuuma. Mwaka uliopita binamu yake Siti, aliyekuwa akiishi nao ili asome mjini, alikutwa na kopo la mkorogo, mchanganyiko wa kuchubulia ngozi. Mama alilitupa chooni, na bila kumsikiliza akampandisha basi la kurudi kwao Muleba siku ileile. Siti na Safina walikuwa wakilala kitanda kimoja na kula sahani moja. Kumbe mkuki kwa nguruwe mtamu! Safina alijiona amesalitiwa na mtu aliyemwamini kuliko wote duniani.

Mama alipoingia kuoga, Safina alichukua simu ya mama akampigia Siti. "Mama anajichubua," alisema huku akilia. "Uso umebanduka wote. Wewe ulionewa bure." Alimwambia Siti peke yake, lakini ulimi hauna mfupa. Siti naye akamwambia mama yake.

Jumamosi asubuhi shangazi, mama yake Siti, aliingia uani akiwa amemshika Siti mkono. Hakuja na ndizi kama ilivyo desturi yake, na hapo Safina akajua mambo yameharibika.

"Wifi," shangazi alisema hata kabla ya kuketi, "mwanangu ulimrudisha kama mwizi. Haya, toa huo mtandio nasi tukuone!"

Mama aligeuka akamtazama Safina. Safina akainamisha kichwa. Kisha mama akavua mtandio.

"Mama wee!" shangazi akashika mdomo.

"Si mkorogo, wifi. Ni dawa ya chunusi, nimepewa hospitali. Mtu mzima kama mimi, natokwa na chunusi kama binti wa kidato cha pili! Hazijaniacha tangu ujana. Wateja wananicheka. Daktari alisema nipake kidogo, usiku tu. Mimi nikapaka asubuhi na jioni, tena kwa wingi, nipone upesi. Uso umewaka moto. Nimeona aibu kurudi kwake, na leo nilitaka kuitupa dawa yenyewe." Akamgeukia Safina. "Lakini hata uso haujaniuma kama hili. Mwanangu, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, mama," Safina alijibu kwa machozi. "Ulisema hakuna kitu."

Mama akaketi kizingitini, mtandio mkononi.

Shangazi akaingia kati. "Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umefichuliwa na mwanao, shukuru! Inuka twende hospitali."

Hospitalini, muuguzi Evelyne aliutazama uso wa mama na ile tyubu ya dawa bila kumcheka. "Chunusi haziulizi umri," alisema. "Na dawa hii ina maudhi yake: hukausha na kubandua ngozi, hasa mwanzoni. Pumzika nayo mpaka ngozi itulie. Kisha anza upya, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mmoja upake, unaofuata uache. Nawa kwa sabuni isiyo kali, paka mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato, na ujikinge na jua. Nafuu huchukua miezi. Ukiona maudhi yamezidi, rudi hapa. Usiiongeze dawa kwa kichwa chako, wala usiitupe kimyakimya. Na huo mtandio ni wa kukukinga na jua, si wa kumkimbia mwanao!"

Shangazi alicheka, na mama naye akacheka kidogo, kwa uangalifu, maana mashavu yaliuma.

Nje, mama alimshika Siti mabega. "Mkorogo ni sumu, na nikiuona nitautupa tena. Ila wewe nilikufukuza bila kukusikiliza. Nisamehe, mwanangu. Ukitaka kurudi kwangu, kitanda kipo."

Siti alimtazama mama yake, naye shangazi akaitikia kwa kichwa. "Nguo zangu ziko Muleba," Siti alisema polepole.

"Tutazifuata."

Safina alikuwa amesimama kando, hajui aweke wapi mikono yake. "Nisamehe, mama. Nilikusema kwa watu."

"Ulikosa," mama alimjibu, akimvuta karibu. "Ukimshuku mtu, muulize, na asipokujibu muulize tena kabla hujamtangaza. Lakini anayeulizwa naye ajibu. Mimi niliulizwa nikaficha, na kosa langu ni kubwa kuliko lako, kwa sababu mimi ndiye mama."