Presha Isiyo ya Mawazo

Katika nyumba ile asubuhi ilianza kwa sauti ya cherehani. Fundi alishonea kwenye chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi ili aingize mwanga na wateja. Mume wake alikuwa mpaka rangi. Ukitaka kujua wiki hiyo anapaka nyumba ya rangi gani, ulimwangalia nywele tu. Mama mkwe aliishi nao, na kazi yake kubwa siku hizo ilikuwa kumwangalia mkwe wake. Fundi alikuwa na mimba ya kwanza, na mama mkwe alikuwa akingoja mjukuu wa kwanza.

Miezi mitatu ya mwanzo Fundi alitapika mpaka akachukia harufu ya sabuni. Harufu ya rangi ndiyo usiseme. Mumewe, maskini, alivulia nguo za kazi uani na kunawa mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia kwake mwenyewe. Mwezi wa nne mambo yakatulia. Kichefuchefu kikaisha, hamu ya kula ikarudi kwa fujo. Tumbo likajitokeza, na mstari mweusi ukashuka kutoka kitovuni. Mwezi wa tano, akiwa anapiga pasi suruali ya mteja, alihisi kitu kinamgusa kwa ndani, kidogo sana. Akaiweka pasi pembeni, akasubiri. Kikagusa tena. Alicheka peke yake, akalia kidogo, kisha akaendelea kupiga pasi, maana mwenye suruali alikuwa njiani.

Basi mambo yalikuwa mazuri. Na mambo yakiwa mazuri, watu hujisahau.

Mwishoni mwa mwezi huo alikwenda kliniki. Alipimwa, akaambiwa presha imepanda kidogo, apumzike, na arudi wiki inayofuata apimwe tena. Foleni ilikuwa ndefu na nesi alikuwa na haraka. Nesi hakueleza zaidi, na Fundi hakuuliza zaidi.

Aliporudi nyumbani aliyasema maneno yale kama alivyoyasikia. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Neno hili presha tunalitumia kwa mengi. Mtoto akichelewa kurudi, ametupa presha. Timu ikifungwa, presha. Mteja akidai gauni lake, presha. Kwa hiyo nyumba nzima ilielewa kitu kimoja: Fundi ana mawazo, na mawazo hayo lazima yaondolewe.

Waliyaondoa kwelikweli. Mume alikatazwa kusikiliza mpira redioni, kwa sababu timu yake ilikuwa na mazoea ya kufungwa. Habari za ugonjwa na misiba zilisemwa uani kwa kunong'ona. Wateja wagomvi walipokewa na mama mkwe, na wengi wao waliondoka wakiwa wameomba radhi wao. Jioni mume alisimulia vichekesho, vilevile kila siku, na Fundi akacheka ili asimvunje moyo. Alibebwa kama yai. Siku ya kurudi kliniki ilifika, ikapita. Mama mkwe alisema hakuna haja ya kwenda, foleni yenyewe ni presha tosha.

Mwezi wa sita ukaingia. Fundi alianza kuumwa kichwa, akasema ni mwanga hafifu. Subana, ile kofia ndogo ya chuma ambayo washonaji huvaa kidoleni ili sindano isiwachome, ikagoma kuingia. Akasema amenenepa, akanunua kubwa zaidi. Asubuhi aliamka uso umejaa. Mama mkwe alifurahi sana. Aliwaambia majirani kwamba hiyo ndiyo raha ya kutunzwa, inaonekana hata usoni.

Jumamosi moja alikuja jirani yao, ameleta gauni lake la kazi lipunguzwe kiunoni. Alikuwa mkunga katika hospitali moja ya mbali kidogo, mtu wa maneno machache. Mama mkwe alimwahi mlangoni. Akamwomba azungumze mambo mepesi tu, asije akampa mkwe wake presha.

Mkunga aliingia, akamkuta Fundi anatunga uzi kwenye sindano. Anakosa, anajaribu tena, anakosa. Mkunga akashangaa. Alimjua Fundi kuwa mtu wa kutunga uzi huku anaangalia wapita njia.

"Macho yangu siku hizi," Fundi alisema. "Naona vinyota mbele yangu."

Mkunga akaliweka gauni pembeni. "Na kichwa?"

"Kinauma. Tangu juzi hakijaacha."

Mkunga alimshika mkono, akabonyeza juu ya kiganja kwa kidole gumba. Alipoachia, palibaki shimo. Akauliza kliniki alikwenda lini. Fundi akamweleza yote, pamoja na presha ile. Mama mkwe alidakia kabla hajamaliza.

"Hiyo presha tumeshaimaliza hapahapa nyumbani, mwanangu. Hapewi wazo hata moja."

Mkunga alivuta kiti, akakaa karibu na mama mkwe.

"Mama, presha wanayopima kliniki si mawazo. Ni nguvu ya damu inaposukuma kwenye mishipa. Mtu anaweza kucheka kutwa nzima, na damu yake inasukuma kupita kiasi. Mara nyingi mwenyewe haisikii. Inajulikana kwa kupimwa."

"Lakini hajawahi kuwa na presha huyu."

"Mimba inaweza kuileta, hasa baada ya mwezi wa tano, hata kwa mtu mzima wa afya. Ikiachwa, anaweza kupata kifafa cha mimba. Kinaua mama, kinaua na mtoto."

Fundi aliweka mikono yote miwili tumboni. Aliogopa, na hakuificha hofu yake.

"Mtoto wangu je?"

"Anacheza?"

"Anacheza."

"Vizuri. Sasa twende hospitali. Ni leo, wala si kesho."

Mume aliitwa kutoka kazini, akaja na rangi ya bluu masikioni. Wakakodi gari. Njiani Fundi aliuliza kama miguu yake, ambayo huvimba kidogo jioni, nayo ni ugonjwa. Mkunga akamtoa wasiwasi. Alisema miezi hii ya katikati ina mambo yake ya kawaida: mgongo kuuma, kiungulia, ngozi ya tumbo kuwasha, miguu kuvimba kidogo jioni na kupungua mtu akilala. Hayo huvumilika. Lakini uso na mikono kuvimba, kichwa kisichoacha kuuma, kuona vinyota, maumivu makali chini ya mbavu, damu au maji kutoka ukeni, au mtoto kupunguza kucheza, hayo hayasubiriwi hata kidogo. Ni kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Walipofika, presha ilikuwa juu sana, na mkojo ulionyesha kwamba figo zimeanza kuelemewa. Fundi alilazwa na kuanzishiwa dawa. Daktari alisema wamewahi.

Nje ya wodi mama mkwe alikaa kwenye benchi na mkunga.

"Kwa hiyo," mama mkwe akauliza, "inaweza kumpata hata mwenye raha zake?"

"Hata mwenye raha zake. Wala si kosa la mtu."

Mama mkwe akaangalia sakafu. "Dada yangu alivimba uso hivihivi. Akalia kichwa, akalia kichwa, halafu akapata degedege. Alikufa na mimba yake. Sisi tukasema mumewe kamtia mawazo, kwa sababu alikuwa mtu wa safari. Tulimfukuza msibani. Mpaka leo hatumsalimii."

Mkunga alimshika mkono, wakakaa hivyo.

Dawa zilifanya kazi, na baada ya siku kadhaa Fundi aliruhusiwa. Tangu hapo hakukosa kliniki hata mara moja. Kila wiki walimpima presha, wakapima mkojo, wakasikiliza moyo wa mtoto. Alimeza dawa kama alivyoelekezwa, akapunguza kazi. Mume alikwenda alfajiri kumshikia nafasi kwenye foleni, redio yake mkononi, timu yake inafungwa kama kawaida. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa madaktari waliona si vizuri kungoja zaidi. Wakamwanzishia uchungu hospitalini, akajifungua salama mtoto wa kike, mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, mama mkwe alivaa nguo zake nzuri. Akamwomba mwanawe ampeleke kwenye nyumba fulani. Mzee aliyefungua mlango alimwangalia, asijue amkaribishe au afunge.

"Shemeji," mama mkwe alisema, "dada yangu aliuawa na presha ya mimba. Ni ugonjwa. Haukutoka kwako. Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee alishika mlango kwa mikono miwili.

"Miaka yote hii," alisema, "na mimi niliamini ni mimi niliyemuua."

Kisha akasogea pembeni, akampisha aingie.