Sketi ya Ghorofa Mbili

Tra-tra-tra-tra. Kimya. Tra-tra.

Hata kabla hajafumbua macho, Nyanjige alijua kwamba mama yake anashona sare ya shule. Kitenge hupita chini ya sindano kwa haraka, lakini kitambaa kizito cha sare huifanya cherehani ikohoe kama mzee. Alijifunua shuka, akanawa uso, akaenda sebuleni. Chumba hicho kilikuwa sebule, na pia kilikuwa ofisi ya Fundi Ng'washi, mama yake, ambaye wanawake wengi wa mtaa ule wa Bariadi walimletea vitambaa vyao.

"Ya nani hiyo, mama?"

"Ya mwenyewe," alijibu mama bila kuinua kichwa.

Jibu lilikuwa hilo hilo siku zote. Nyanjige alisogea karibu. Ilikuwa sketi ya bluu iliyopauka, na chini yake mama alikuwa anaunga kipande kingine, cha bluu iliyokolea, ili iwe ndefu zaidi. Kwenye kipande hicho palikuwa na doa dogo la wino, lenye umbo la jani. Nyanjige alilijua doa lile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeumwaga wino huo, alipokuwa Darasa la Nne.

"Mama! Hiyo si sketi yangu ya zamani?"

"Ilikuwa yako. Ikawa mabaki. Sasa ni pindo." Mama alikata uzi kwa meno. "Na unajua sheria ya nyumba hii."

"Kinachoonekana mezani kwa fundi hubaki mezani," alisema Nyanjige, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wimbo.

Wakati huo huo sauti nene ilisikika mlangoni, ikimwamkia mama kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, mwanangu. Ingia, iko tayari."

Akaingia Milembe. Nyanjige alihisi kama amemeza punje ya pilipili.

Milembe alikuwa amehamia shuleni kwao mwezi wa kwanza, akitokea Malampaka, penye stesheni ya treni, na sasa aliishi kwa shangazi yake, Lucy. Alikuwa mrefu, na kila mwezi aliongezeka. Sauti yake ilikuwa kubwa. Watoto walisema ameizoeza kwa kushindana na honi ya treni. Kabla hajafika, msemaji wa shule alikuwa mmoja tu: Nyanjige. Yeye ndiye aliyeghani mashairi mgeni wa wilaya alipokuja. Yeye ndiye aliyeitwa mbele siku ya wazazi. Sasa Mwalimu Mashimba alipouliza swali gumu, macho ya darasa zima yaligeukia dawati la nyuma, alikokaa Milembe. Macho yale yalimuuma Nyanjige kuliko fimbo.

Milembe aliipima sketi kiunoni, akatabasamu. "Asante sana, mayu. Sasa naweza kusimama mbele za watu."

Alikuwa na maana ya mdahalo wa Ijumaa.

Mdahalo huo ulikuwa na kisa chake. Wiki mbili nyuma, mwimbaji maarufu aitwaye Shani Kito alialikwa kwenye kipindi cha watoto cha televisheni, cha Jumamosi asubuhi. Alikuja na gauni fupi, la kubana, linalometameta. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, lakini yeye hakuweza kukaa mkekani, ikabidi aletewe kiti kirefu. Picha zake zilizunguka kwenye simu. Sokoni watu walibishana, kwaya ilibishana, hata wachuuzi wa samaki kutoka Nassa walisimamisha mizani ili wabishane. Watayarishaji wa kipindi wakaamua kuwasikiliza watoto wenyewe: kila shule itakayopenda ilete jina la msemaji mmoja, na wasemaji hao watarekodiwa Mwanza wakijadili mavazi ya wageni.

Jina moja tu. Nyanjige alilala na neno hilo, akaamka nalo.

Mwalimu Mashimba aliandika mada ubaoni: *Wageni mashuhuri wanaokuja kwenye vipindi vya watoto wapangiwe mavazi.* Milembe aliunga mkono. Nyanjige alipinga. Jina la mshindi ndilo lingetumwa. Na mwalimu hakutaka kura za kunyoosha mikono.

"Babu zetu walikuwa na Wagika na Wagalu," aliwaambia Ijumaa hiyo, huku akichora mstari wa majivu katikati ya uwanja. "Vikundi viwili vya ngoma, vinacheza siku moja, uwanja mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji wanakwenda kwa miguu yao palipo na utamu. Leo hivyo hivyo. Ukishawishika, vuka mstari. Ukishawishika tena, rudi."

"Mwalimu, na mwenye kidonda mguuni?" aliuliza Method, mcheshi wa darasa.

"Abebwe," alisema mwalimu, na watoto wakacheka.

Nyanjige alianza. Alisimama kifua mbele. "Mheshimiwa mwenyekiti, mcheza ngoma akija na chatu shingoni, tunashangilia. Nani aliwahi kumwambia avue chatu avae tai? Vazi la msanii ni kifaa chake cha kazi, kama jembe la mkulima. Na sisi watoto si wajinga. Tunajua jukwaa ni jukwaa na darasa ni darasa." Kisha akaghani beti aliyoitunga mwenyewe:

*Mgeni mwacheni aje, na vazi lake la kazi,*
*Vazi mnalopima nje, si kipimo cha malezi.*

Makofi yalilipuka. Kundi kubwa lilivuka mstari kuja upande wake. Nyanjige alihisi amerudi kuwa Nyanjige.

Milembe alisubiri kelele zitulie. "Mimi simpimi yule dada kwa tepu," alisema. "Nampima kwa mkeka. Watoto walimwomba acheze nao rede. Aliweza? Hakuweza kuinama, hakuweza kurusha mpira. Kipindi kizima mikono yake ilikuwa inavuta gauni. Nilimwonea huruma! Mtu akienda kuchuma pamba na viatu vya harusi, hatumwiti mtovu wa adabu. Tunamwambia tu: ndugu, badilisha viatu, kazi ya hapa ni nyingine. Mgeni wa watoto apewe taarifa mapema: utakaa mkekani, utaruka, utacheka. Chagua nguo itakayokuruhusu kuwa nasi."

Kisha miguu ikaanza kutembea. Wa kwanza, wa pili, halafu makundi. Method alivuka huku akichechemea kwa makusudi, eti ana kidonda. Upande wa Nyanjige ukabaki na watoto wachache, na wawili kati yao walikuwa wanaangalia mstari.

Nyanjige aliwatazama wote wale waliosimama nyuma ya Milembe. Jambo baya zaidi ni kwamba hoja ya mkeka ilikuwa nzuri, nzuri kuliko ya chatu, na alitamani ingekuwa yake. Wivu ulimpanda.

"Dakika ya mwisho kwa kila msemaji," alisema mwalimu. "Nyanjige."

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kabla ya kuwapangia nguo watu wa televisheni, tujiangalie sisi. Huyu bingwa wa mavazi amevaa sketi ya ghorofa mbili! Ghorofa ya juu ni yake. Ya chini ni yangu! Ni mabaki ya sketi yangu ya Darasa la Nne, mama yangu kamuungia. Kama mnabisha, tazameni doa la wino!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. "Ghorofa mbili!" "Ina ngazi?" "Mpangaji ni nani?" Watoto waliokuwa nyuma ya Milembe walivuka mstari kwa kukimbia kuja upande wa Nyanjige, wakisukumana ili walione doa kwa mbele.

Milembe hakutumia dakika yake. Alishika pindo la sketi kwa mikono miwili, akalikunja ndani ili doa lisionekane. Kisha akaondoka uwanjani.

"Ile haikuwa hoja," alisema Mwalimu Mashimba. Aliutazama mstari wa majivu kwa muda mrefu. Watoto walikuwa upande wa Nyanjige, na sheria ilikuwa miguu. Alitoa daftari, akaandika jina la Nyanjige kwa penseli. "Jina litatumwa Jumatatu mchana. Mwenye la kuniambia kabla ya hapo, anajua nilipo."

Nyanjige alirudi nyumbani akiwa mshindi. Alijiambia hivyo njia nzima, mara nyingi sana, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la dawa.

Jumamosi asubuhi Shangazi Lucy alifika. Hakukaa.

"Nimefuata kitenge changu, Fundi Ng'washi. Bado hujakikata?"

"Bado, lakini kesho kutwa..."

"Nipe tu. Nitashonea kwingine." Alisema polepole, bila kufoka. "Mtoto wangu jana hakula. Nilidhani hapa vipimo vyetu vinakaa kwenye daftari. Kumbe vinatangazwa uwanjani."

Baada yake alikuja mama mwingine wa mtaa, naye akachukua kitambaa chake. Cherehani ilinyamaza. Nyanjige hakuwahi kujua kwamba ukimya wa kitu unaweza kuumiza masikio.

"Mimi sijamwambia mtu," alisema mama. "Nani amesema?"

Nyanjige angeweza kumsingizia Method, na kila mtu angeamini. Aliangalia sakafu. "Ni mimi, mama. Alikuwa ananishinda. Sikuweza kuvumilia."

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. Alifungua daftari lake la vipimo, lenye jalada lililoliwa na vidole.

"Humu kuna nusu ya mtaa," alisema. "Nani amenenepa, nani amekonda kwa ugonjwa, nani amegeuza koti la marehemu mumewe likawa la mwanawe. Umewahi kunisikia nikisema hata moja?"

"Hapana, mama."

"Sasa nitasema moja, kwa sababu ni lako. Lile gauni jeupe ulilovaa ukimghania mgeni wa wilaya, unadhani lilitoka wapi?"

"Ulinishonea."

"Nilishona, ndiyo. Kitambaa sikuwa nacho, pamba haikutulipa mwaka ule. Lucy alitoa gauni lake la ubatizo sandukuni, akaniambia, mkatie mtoto. Siku ile alikaa mstari wa pili. Alilijua kila shono. Ulipomaliza, alifanya nini?"

Nyanjige alikumbuka. Mstari wa pili, mwanamke mwenye kilemba cha njano, akipiga makofi mpaka kilemba kikalegea.

"Hebu nighanie ile beti yako," alisema mama. "Nasikia ilipendwa."

Nyanjige alifungua kinywa. *Mgeni mwacheni aje, na vazi lake la kazi. Vazi mnalopima nje...* Hakuweza kumaliza. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamegeuka, yanamtazama. Alilia, na safari hii mama alimwacha alie mpaka mwisho.

Jumatatu asubuhi, gwaride lilipokwisha, Nyanjige alimfuata Mwalimu Mashimba na kumwomba kitu kimoja: ndoo ya majivu. Mwalimu hakuuliza sababu. Nyanjige aliuchora mstari mwenyewe, mbele ya shule nzima.

"Ijumaa sikushinda," alisema. "Niliishiwa hoja, nikachukua siri ya mezani kwa mama yangu nikamrushia mwenzangu. Kile kipande kilikuwa changu, sasa ni cha Milembe. Na mimi nami nimewahi kuvaa gauni lililokatwa kwenye gauni la mtu. Mtu huyo alinipigia makofi. Mimi nilimcheka Milembe." Alimgeukia Milembe. "Hoja ya mkeka ni bora kuliko yangu. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu. Hata sasa bado unauma kidogo. Milembe, nisamehe."

Kisha akavuka mstari, peke yake, akaenda kusimama nyuma ya Milembe.

Halafu Method akapaza sauti: "Jamani, kidonda changu kimepona!" akavuka mbio. Shule nzima ikamfuata, na mstari wa majivu ukafutika chini ya miguu. Mwalimu Mashimba alitoa daftari. Alifuta jina la penseli, akaandika jingine kwa kalamu ya wino.

Milembe aligeuka. "Ile beti yako ni nzuri," alisema. "Ila uliisahau mapema mno." Hakutabasamu sana, lakini hakusogea mbali.

Jioni Nyanjige na mama yake walikwenda kwa Shangazi Lucy. Lucy alikuwa anapeta mchele, na Milembe alikuwa amekaa karibu naye, sketi ya ghorofa mbili imefuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Nyanjige alipiga magoti, akaeleza kila kitu tena. Jambo hilo lilikuwa gumu zaidi hapa kuliko uwanjani, maana hapa hapakuwa na mtu wa kucheka.

Lucy aliweka ungo chini. "Mwanangu, wivu utakuja tena, kila mtu anao. Ukikuonyesha kwamba mwenzako amekuzidi, ongeza bidii, utamfikia. Lakini ukikutuma umvue mwenzako nguo mbele za watu, jua kwamba wewe ndiye utakayebaki uchi. Heshima ya mtu haimo kwenye urefu wa nguo peke yake. Imo pia kwenye mdomo wa anayemtazama." Alimgeukia mama. "Fundi, kitenge changu kiko kitandani. Kachukue."

Mama aliinama haraka kuficha machozi, akajifanya anatafuta kiatu.

"Utavaa nini Mwanza?" Nyanjige alimuuliza Milembe.

"Hiyo hiyo." Milembe alionyesha kamba. "Nimeijaribu. Naweza kukaa mkekani, naweza kuruka, naweza kurusha mpira. Doa tu ndilo linalonisumbua."

Nyanjige aliitazama sketi ikipepea. Ile punje ya pilipili bado ilikuwepo kooni, ndogo. Aliimeza.

"Nitalifunika kwa ua la uzi, nitalidarizi mwenyewe leo," alisema. Kisha akasimama wima, kama alivyosimama siku zote mbele za watu, ingawa hapa walikuwa watatu tu. "Na ninakuahidi, Milembe, mbele ya shangazi na mbele ya mama. Siku ya kipindi nitakaa mbele ya televisheni na watoto wote wa mtaa. Mtu akiuliza sketi ile ina pindo la nani, nitamjibu: la mwenyewe."