Utepe wa Mama Keza

Eustakia alichoshwa na Mama Keza kabla hata ya saa nne asubuhi. Ulikuwa mwezi wake wa pili akijifunza kuhariri sauti katika redio ndogo ya Ngara, iliyotangaza salamu za wakimbizi waliotafuta ndugu zao. Kila salamu ilipewa dakika moja tu. Mama Keza, mkimbizi wa Burundi aliyeishi kambi ya Lukole, alikuwa ameongea dakika kumi na moja.

Na aliongea nini? Aliwasalimu wakwe. Akataja kilima cha kwao, yaani kijiji chao, Gasenyi. Akakohoa. Akawasalimu wakwe tena. Halafu, ajabu ya mwaka, akamwita ng'ombe: "Gitareee! Gitareee!" Eustakia alikuwa Mhangaza wa Bugarama, na Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi, kwa hiyo alikielewa vizuri, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Akashika wembe. Siku hizo sauti ilirekodiwa kwenye utepe mwembamba. Ukitaka kuondoa neno, unakata utepe kwa wembe, kisha unaunganisha ncha mbili kwa gundi. Alikata wakwe, akakata kilima, akakata kikohozi na ng'ombe. Vipande akavitupa kapuni. Salamu ikabaki safi: "Mimi Mama Keza, niko Lukole. Namtafuta mwanangu Hakizimana."

Wiki ile salamu iliporushwa, walifika Lukole akina Hakizimana watano. Jina hilo kwao limejaa kila kilima. Mama Keza alimkimbilia kila mmoja, na mara zote tano alirudi kibandani peke yake.

Mwishowe akaja redioni. Hakugomba. Aliketi mbele ya Eustakia akauliza kwa nini hakumsikia Gitare.

"Mama, hii ni redio, si malisho," Eustakia akajibu.

"Mwanangu, jioni nikimwita Gitare, Hakizimana ndiye aliyekuwa akifika kwanza, akimswaga. Majina ya watu yanafanana. Mwito ule ni wa nyumbani kwangu."

Eustakia aliona aibu, na aibu ile ikamtia hasira zaidi, safari hii juu ya nafsi yake.

Celestini, fundi sauti kutoka Rulenge aliyekuwa akimfundisha, alifungua droo akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na vile vipande vya utepe. Alikuwa amevichokoa kapuni mwenyewe, na hakuificha kero yake.

"Nimekuambia mara ngapi? Sikiliza utepe wote kwanza, kalamu mkononi. Andika kila kinachomtambulisha mtu: kilima, jina la utani, mwito wa nyumbani. Hivyo tunaviacha. Tunakata kikohozi na maneno yaliyorudiwa. Na kipande ukishakikata, kiandike ni cha nani, kisha ukihifadhi."

Eustakia alisikiliza vipande kimoja kimoja. Alirudisha Gasenyi. Alirudisha Gitare. Mara ya kwanza mwito ulidakia neno kama mtu aliyesukumwa. Celestini akamwambia aache pumzi kidogo kabla yake, asikate pale pale neno linapoishia. Akakata upya, mara tatu, huku akinung'unika. Jioni salamu ilitimia dakika moja, bila wakwe.

Siku ya nne baada ya kurushwa, kijana alifika redioni kutoka Nyabusozi, Biharamulo, alikochunga ng'ombe wa Mzee Shibuda, Msukuma. Alisema alikuwa akikamua, redio ya mzee ikilia juu ya uzio. Aliposikia Gitare akiitwa, aliinuka ghafla na maziwa yote yakamwagika. Mzee Shibuda, alisema, bado amenuna.

Celestini alimuuliza kilima cha kwao. "Gasenyi," akasema, kisha akaanza kulia. Jioni ile Mama Keza alimshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili na hakutaka kumwachia.

Mwezi uliofuata Mama Keza alirudi redioni. Sasa alimtafuta dada yake. Eustakia alimwamkia shikamoo, akawasha mashine. Mama Keza akaongea dakika kumi na nne, na wakwe akawasalimu mara tatu.

Eustakia aliguna. Kisha akausogeza wembe mbali, akachukua kalamu, na akauliza wakwe hao walitoka kilima gani.