Jiwe Jeupe la Mteremkoni

Jua lilikuwa linazama nilipompitia mke wangu hospitalini. Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti, kazi ambayo mimi, na domo langu lote hili, siiwezi hata kwa saa moja. Alipanda kwenye kabini viatu mkononi, miguu imevimba, akanitania kwamba lori langu linanuka kuliko wateja wake.

"Wateja wako hawalalamiki," nikamjibu.

Akacheka. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu hakucheka tena.

Lori lilikuwa tupu. Mchana nilishusha saruji, na bodi ya mizigo niliifagia mwenyewe. Tukaingia barabara kuu.

Gro... gro... gro...

"Umebeba nini huko nyuma?"

"Hewa."

"Hewa inaviringika?"

Nikapunguza mwendo. Kitu kile kikaja mbele, taratibu, kikagonga ukuta wa bodi nyuma ya vichwa vyetu. Nikaongeza mwendo, kikarudi nyuma. Mke wangu akafunga mkanda. Tulipofika juu ya ule mteremko mrefu, akauliza kwa sauti ndogo:

"Baba watoto, lile jiwe ulilitoa?"

Nilijua jiwe lipi. Wiki tatu nyuma tulipata pancha kwenye mteremko huohuo, yeye akiwa nami. Hendibreki yangu ni ya kubahatisha, kwa hiyo huwa natembea na jiwe la kuzuia tairi. Nililipaka rangi nyeupe ili nisilisahau. Siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika. Nilipomaliza kufunga tairi nikarukia kabini, yeye akauliza, "Jiwe?" Nikamwambia nimelitoa. Nilikuwa nimeloa na nilitaka kufika nyumbani, basi. Nililiacha katikati ya barabara, nikijua.

"Nililitoa," nikasema tena.

Ngo!

Sikuwa nimegusa breki.

"Usiku wa siku ile waliletwa mama na watoto wake wawili," akanong'ona. "Gari la mbele yao lilikanyaga kitu, kikaruka, kikapasua kioo chao. Yule mama nilimwosha mimi asubuhi yake. Alikuwa amepasuka hapa." Akagusa paji la uso wake. "Kwenye nyama kulikuwa na rangi nyeupe. Wiki tatu nzima nataka kukuuliza, naogopa."

Nilikaza macho barabarani. Kabini ilianza kunuka petroli, halafu damu.

Mbele kulikuwa na tawi la majani mabichi.

Dereva yeyote anajua maana yake: punguza mwendo, kuna gari limekufa mbele. Nikaliona la pili. La tatu. Kisha nikamwona mwanamke, ametupa mgongo, ameinama analaza la nne. Kichwa chake kilikuwa kimelalia bega, upande mmoja, kupita shingo inavyoruhusu.

Akageuka.

"Gauni lile," mke wangu akasema, "nililikata mimi kwa mkasi."

Mwanamke akainua mkono. Simama. Hakuwa na hasira usoni, kile kilichokuwa kimebaki cha uso. Alitusihi tu.

"Simama, mume wangu. Simama umwambie."

Nikakanyaga mafuta.

Tulimpitia katikati na sikusikia hata kishindo. Matawi yakavunjika chini ya tairi. Nyuma, jiwe likaviringika hadi mwisho wa bodi. Gro... gro... gro... Themanini. Tisini. Mia na kitu, kwenye mteremko, na lori tupu linarukaruka kama debe.

"Niambie mimi basi!" Mke wangu alikuwa analia, amenishika mkono. "Mimi tu, niambie!"

"Nimesema nililitoa!"

Tukakata kona. Lori jingine lilikuwa limesimama katikati ya njia yetu, bila taa.

Nikasimama juu ya breki kwa miguu yote miwili.

Nikalisikia jiwe likija...

Halikuviringika tena. Lilikuja moja kwa moja, likapasua ukuta wa bodi, likapasua kioo cha nyuma, na kisogo cha mke wangu kikapasuka kwa sauti ambayo sitaki kuieleza. Damu ilinijaa macho na mdomo. Taya lake lilikuwa limeng'oka upande mmoja na bado lilikuwa linacheza, linatafuta neno. Mkanda ulimshikilia wima, ameketi vizuri, mkono wake bado uko kwenye wangu. Lori letu lilisimama hatua mbili nyuma ya lile jingine.

Hatua mbili. Kama ningepunguza mwendo kwenye tawi la kwanza, tungepita pembeni salama, yeye angeendelea kunitania.

Dereva wa lori lile bovu alikuja mbio, akatapika. Niliulizia matawi yake. Akaapa kwamba gari lilikuwa limezimika wakati huohuo, hajaweka hata jani moja. Polisi walipekua kabini, bodi, mtaro na vichaka. Jiwe hawakuliona. Walichokiona ni rangi nyeupe kwenye nywele za marehemu.

"Nini kilimpiga?" afande akauliza.

"Sijui," nikasema.

Tulimzika siku ya pili. Kutoka makaburini shemeji yangu, kaka yake, ndiye aliyetuendesha kwa gari lake dogo, mimi nimekaa pembeni yake. Watoto wangu wawili walikuwa kiti cha nyuma, wamelaliana wakilia. Alitupitisha barabara kuu, na sikuwa na nguvu ya kumkataza. Kufika juu ya mteremko akanigeukia.

"Shemeji, mimi ni mtu wa damu yake. Niambie ukweli. Nini kilimpiga dada yangu?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi.

"Sijui," nikasema.

"Baba," binti yangu akaita, "kwenye buti kuna nini?"

Gro...

Mbele yetu, majani mabichi yalikuwa yamelazwa barabarani, na shemeji alikuwa bado ananitazama mimi.